Sauti inakatakata kwenye koli za ofisi: tafuta kwanza foleni iko wapi

Ofisini koli zikianza kukatakata wengi wanakimbilia kumpigia mtoa huduma awaongezee kasi, wanatoka Mbps 20 wanaenda 40, wiki mbili tatu mambo shwari alafu ugonjwa unarudi uleule na bili imeshapanda. Jamani koli ya sauti haili intaneti kivile. Simu ya mezani ya IP (inayopita kwenye mtandao) inayotumia G.711, moja ya namna za kufunga sauti, inatuma pakiti 50, yaani vipande vidogo vya data, kwa sekunde, kila pakiti imebeba sauti ya milisekunde 20, ukijumlisha na vichwa vyote vya pakiti unapata kama kbps 87 kwenda na 87 kurudi. Simu kumi zikiongea kwa mpigo hazifiki hata Mbps 1. Ukiwa na G.729 ndo kabisa, inashuka mpaka kbps 31 hivi.

Kinachoua koli ni kusubiri. Pakiti ya sauti ikichelewa kufika inatupwa, maana neno lililokuja nyuma ya sentensi halina kazi tena, na hapo ndo unasikia mtu anaongea kama roboti. Faili la PDF likichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Kwaiyo kuweka kipaumbele, mafundi tunaita QoS, maana yake ni kuamua nani atangulie penye foleni, na ili uamue lazima foleni iwe kwenye kifaa chako wewe. Ikiwa foleni iko kwenye modemu ya mtoa huduma au kwenye mnara wake, ukiandika sheria mia kwenye ruta yako hamna kitakachobadilika. Hili ndo watu wengi wanalikosa, na nitalirudia huko chini maana kila kitu kinaangukia hapa.

Pima kabla hujagusa setingi yoyote

Chukua kompyuta iliyochomekwa kwa waya, sio waifai, fungua madirisha matatu ya pingi isiyokoma, yaani kipimo cha milisekunde pakiti inazotumia kwenda na kurudi. La kwanza lipige ruta yako (ruta nyingi za kampuni ya MikroTik ni 192.168.88.1), la pili lipige kituo cha kwanza cha mtoa huduma, hiyo unaipata ukifanya tracert kwenda 8.8.8.8 (seva ya Google), ni ile anwani ya mstari wa pili, na la tatu lipige 8.8.8.8 yenyewe. Baadhi ya watoa huduma wamezima majibu kwenye kile kituo chao, basi chukua anwani ya mstari unaofuata. Acha yatembee dakika kadhaa ofisi ikiwa imetulia, alafu mwambie mtu mmoja apandishe faili kubwa Google Drive, gigabaiti moja hivi, wewe angalia namba zinavyokwenda.

Ikiwa pingi ya ruta inabaki 1 au 2 lakini ya kituo cha mtoa huduma inaruka kutoka 8 kwenda 400, 600, 750, umeshapata jibu: aplodi imejaa na pakiti zinasubiri kwenye bafa, yaani ghala la muda, la modemu. Hesabu yake iko wazi tu, modemu yenye bafa ya megabaiti 1 kwenye aplodi ya Mbps 10, pakiti ya mwisho kwenye foleni inasubiri karibu milisekunde 800 kabla haijatoka hata mlangoni. Wakati ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye mwongozo wao wa G.114 wanasema sauti ikitaka kuwa nzuri iende upande mmoja isizidi milisekunde 150. Hii ndo hali inayoitika vizuri sana kwa QoS, ukiikuta furahi.

Ikiwa pingi ya ruta yenyewe ndo inaruka kwenda 100, 200, tatizo liko ndani ya jengo: kebo, swichi, au ruta imezidiwa. Na ikiwa ruta na kituo cha kwanza wametulia lakini 8.8.8.8 inaruka hata ofisi ikiwa haina mtu, hiyo ni ya mtoa huduma au ni ya mbele yake.

Mbali na kuchelewa, angalia pia mayumbo, yaani pakiti moja inakuja kwa 20 inayofuata 90 inayofuata 35, mafundi tunaita jita. Ikizidi kama milisekunde 30 masikio yanaanza kusikia, na pakiti zinazopotea zikipita asilimia 1 ndo malalamiko yanaanza kukufikia mezani.

Koli ni nzuri asubuhi mapema, ikifika saa nne inaharibika

Aplodi hiyo, kwa asilimia kubwa. Watu wanawasha laptopu, OneDrive inaanza kusukuma, simu zao zinaingia waifai ya ofisi na kuanza kupandisha picha za wikiendi Google Photos, bekapu ya mhasibu iliyowekwa saa nne kwa sababu usiku kompyuta inazimwa, na kamera za CCTV zinazorekodi klaudi. Kamera ndo hatari kwa sababu hazilalamiki wala hazionekani, moja inayobana video kwa H.264 ikitoa picha safi inaweza kuvuta Mbps 2 mpaka 4 kwenda nje muda wote, ukiwa nazo nne kwenye laini ya aplodi Mbps 10 hiyo laini karibu imekwisha kabla hujapiga simu hata moja.

Ingia kwenye ruta uangalie nani anatuma nini. MikroTik ina Torch, bonyeza intafeisi ya ndani, panga kwa safu ya Rx maana kile ruta inachopokea kutoka ndani ndo kinachoenda nje, na kwa dakika mbili utajua mhusika kwa anwani yake ya IP. Kabla ya sheria yoyote ya kipaumbele hamisha kinachohamishika: bekapu iende saa mbili usiku na kompyuta ya mhasibu isizimwe, kamera zirekodi kwenye diski ya ofisini. Ukishatoa mzigo usio na sababu unaweza kukuta QoS unayohitaji ni ndogo sana.

Kisha weka foleni kwako. Laini ikiwa Mbps 20 kwenda na kurudi, ibane ruta kwenye 17 au 18, hapo modemu haijai tena, foleni inajipanga ndani ya ruta, na ndani ya ruta wewe ndo unayeamua. Watu wanasita hapa kwa sababu wanaona wanapoteza Mbps 2 au 3 walizolipia. Ndiyo unazitoa, na ndo bei ya koli kusikika, lakini faili la mhasibu litachelewa sekunde chache tu na hakuna atakayejua.

Kwa MikroTik mfano wake ni huu, chukulia ether1 ndo inaenda nje:

/ip firewall mangle add chain=prerouting protocol=udp dst-port=3478-3481,8801-8810,19302-19309 connection-state=new action=mark-connection new-connection-mark=koli passthrough=yes
/ip firewall mangle add chain=prerouting connection-mark=koli action=mark-packet new-packet-mark=koli passthrough=no
/queue tree add name=juu parent=ether1 max-limit=17M
/queue tree add name=juu-koli parent=juu packet-mark=koli priority=1 limit-at=6M max-limit=17M
/queue tree add name=juu-mengine parent=juu packet-mark=no-mark priority=8 limit-at=2M max-limit=17M

Poti (namba za milango ya programu) 3478 mpaka 3481 ni za Teams, Zoom anatumia 8801 mpaka 8810 za UDP, Google Meet 3478 na 19302 mpaka 19309. Kwa upande wa kushuka unafanya mti mwingine wa foleni (queue tree) kama huo ila mzazi (parent) ni briji ya ndani. Angalia nimetia alama koneksheni kwanza ndo pakiti, hii ina sababu yake: pakiti zinazorudi kutoka nje kwa kawaida zinafika DSCP yake, ile namba ya kipaumbele iliyo kwenye kichwa cha pakiti, imeshafutwa huko njiani, ni 0, ukitegemea alama ya DSCP peke yake upande wa kushuka hutakamata kitu.

WhatsApp ni kichwa kingine, na ofisi zetu nusu ya biashara inafanyika humo. Kuikamata kwa poti haieleweki vizuri kwa sababu simu mbili zikiweza kufikiana zinaongea moja kwa moja kwenye poti yoyote ile. Hapo usihangaike na sheria, weka aina ya foleni ya fq_codel au cake, zote zipo RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik. Hizi zinagawa zamu kwa kila mazungumzo, kwaiyo koli inayotuma kidogokidogo haikai nyuma ya mtu anayepandisha video ya gigabaiti mbili. Kwa ofisi ndogo ya watu kumi na tano mimi naona cake na kikomo sahihi inatosha kabisa, haya ya mangle (sheria za kutia alama pakiti) waachie wenye simu za mezani nyingi.

Nimeweka QoS lakini hamna kilichobadilika

Fungua Queues uangalie ile juu-koli wakati mtu yuko kwenye koli. Ikiwa kaunta zake ni 0, sheria haikamati chochote, na mchawi wa kwanza wa kumtafuta ni fasttrack. Setingi ya kiwandani ya MikroTik ina sheria ya fasttrack kwenye fayawoli, kazi yake ni kuharakisha pakiti kwa kuzipitisha kando ya mangle na simple queue na mti wenye mzazi global. Yaani umejenga geti zuri alafu pakiti zinapita uchochoro. Izime hiyo sheria, futa koneksheni zilizopo au uwashe ruta upya, jaribu tena. Ukishaizima prosesa ya ruta itafanya kazi zaidi, kwaiyo ruta ndogo za bei ya chini ziangalie, ikigonga asilimia 100 hiyo nayo inaleta jita na itabidi ununue kubwa zaidi.

Kaunta zinapanda lakini koli bado mbovu? Angalia max-limit (kikomo cha juu) ya mzazi. Ikiwa hujaiweka, au umeandika 20M kwa sababu mkataba unasema 20 wakati laini kwa ukweli inatoa 14 mchana, basi foleni iko kwa mtoa huduma na kipaumbele chako hakina pa kushika. Pima kasi halisi saa ya shughuli, sio saa tatu usiku, ndo uchukue asilimia 85 mpaka 90 ya hiyo. Kingine, priority kwenye MikroTik inahesabika kwa foleni za chini tu, zile zisizo na watoto, ukiiandika kwa mzazi haifanyi kitu.

Alafu kuna hili la TOS na DSCP. Sauti inatakiwa ibebe DSCP 46. Baadhi ya simu za mezani kwenye ukurasa wao wa setingi wanauliza DSCP, wengine wanauliza TOS, yaani baiti nzima yenye DSCP ndani yake, na 46 ya DSCP kwenye TOS ni 184. Mtu akiandika 46 kwenye kisanduku cha TOS simu inatoa DSCP 11, ambayo swichi na ruta haziijui, inatupwa kundi la kawaida. Kuhakikisha fungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti, andika ip.dsfield.dscp == 46 upige simu, ikiwa skrini ni tupu simu haiweki alama. Ikiweka vizuri lakini kwenye ruta inafika 0, swichi ya katikati inaifuta, nenda kwenye poti yake uiambie iamini DSCP. Humohumo Wireshark kwenye menyu ya Telephony ukifungua RTP Streams (RTP ndo pakiti zenyewe za sauti) inakupa jita na pakiti zilizopotea kwa kila upande wa koli, huo ndo ushahidi wa kumpelekea mtoa huduma badala ya kubishana naye kwa maneno.

Sauti nzuri, video inaganda

Hapa fanya hesabu kabla ya kulaumu. Kikao cha Zoom cha watu wengi kwa 720p kinataka Mbps 2.6 kwenda na 1.8 kurudi kwa kila laptopu. Watu watano kila mmoja mezani kwake ni Mbps 13 za aplodi, wanane ni 20.8, umeshapita laini nzima na hata mtu asipofungua barua pepe bado haitoshi. Kipaumbele hakizalishi Mbps, kinapanga zilizopo tu. Ikiwa hao wanane wako kikao kimoja waingize chumba kimoja na laptopu moja na spika nzuri, au zima HD kwenye setingi za akaunti.

Ule mfano wa juu unaziweka kapu moja ili uanze tu, ila ukiweza kuzitenganisha usiweke video na sauti kapu moja lenye kipaumbele cha juu kabisa. Video ina njaa, itakula nafasi ya sauti humohumo. Sauti iwe ya 1, video ya 3 au 4 yenye kikomo chake, kwa swichi na ruta zinazosoma DSCP video ya mkutano ni AF41, yaani 34. Picha ikiganda watu wanavumilia wanaendelea kusikilizana, sauti ikikatika kikao kimekufa.

Walio kwenye waya wako sawa, wa waifai ndo wanalia

Rudi kwenye pingi ya ruta, sasa ipige ukiwa kwenye waifai ukikaa pale anapokaa mlalamikaji. Ikiruka 3, 5, 180, 4, 250, tatizo ni hewa, foleni ya kwenda nje haihusiki. Ofisi zilizo kwenye majengo ya ghorofa, tuseme Posta au Upanga, ukiskani 2.4 GHz unakuta mitandao thelathini imepandana, wakati chaneli zisizogongana pale ni 1, 6 na 11 tu. Wapeleke watu 5 GHz, punguza upana wa chaneli ya 2.4 iwe 20 MHz.

WMM iache imewashwa, ndo inayogawa hewa kwa makundi manne, sauti, video, kawaida, na ya nyuma, na ukiizima vifaa vya waifai ya 802.11n vinarudi kasi ya 54 Mbps. Lakini kuna mtego mdogo: vifaa vingi vinatafsiri DSCP kwa kuchukua biti tatu za mwanzo tu, 46 inakuwa 5, na 5 kwenye waifai ni kundi la video, sauti ni 6 na 7. Hati ya kiufundi RFC 8325 ya 2018 imeandikwa kurekebisha hilo hilo. Kwenye MikroTik unaongeza mangle ya action=set-priority new-priority=6 kwa pakiti zako za sauti. Tofauti inaonekana pale waifai inapokuwa na watu wengi.

Unawasikia, wao hawakusikii, au koli inakata palepale kila siku

Hizi nazitenga maana watu wanazitibu kwa QoS na hazina uhusiano kabisa. Sauti ya upande mmoja kwenye simu za SIP (lugha ya kuanzisha na kukata koli) karibu kila mara ni NAT, yaani ruta inavyobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje, au ni ule usaidizi wa SIP uliomo kwenye ruta unaobadilisha anwani ndani ya ujumbe ukaharibu. Uzime: /ip firewall service-port disable sip. Pia hakikisha fayawoli imeruhusu poti za RTP, seva ya simu ya Asterisk kwa kawaida ni 10000 mpaka 20000.

Koli inayokatika kwenye sekunde ya 32 ni saini ya SIP yenyewe, upande mmoja umesubiri ujumbe wa kuthibitisha (ACK) kwa muda wa nusu sekunde mara 64 haujafika, ukakata. Ikikatika dakika ya 15 au 30 kamili, ni kile kipima muda cha kikao, chaguo lake la kawaida ni sekunde 1800 na kinahuishwa nusu ya njia, ujumbe wa kuhuisha unaliwa na fayawoli. Mwangwi nao, tafuta hedseti au spika ya mtu wa upande wa pili.

Swichi na kebo

Fupi tu. Kwenye swichi angalia tundu (poti) lenye makosa ya FCS (pakiti zilizofika zimeharibika) au late collision (pakiti zilizogongana) yanayopanda. Ikiwa upande mmoja mtu amelazimisha Mbps 100 full duplex (kutuma na kupokea kwa pamoja) na mwingine umeachwa uchague wenyewe, huo wa pili unaangukia half duplex (kwa zamu), pingi ndogo zinapita vizuri kabisa lakini mzigo ukija pakiti zinapotea. Acha pande zote auto. Simu ambazo kompyuta imechomekwa nyuma yake zipewe VLAN yao ya sauti, yaani mtandao wao uliotengwa ndani ya swichi hiyohiyo.

Kila kitu ndani kiko sawa na bado ni mbovu

Basi iko nje. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, Tanzania, Kenya na majirani intaneti ikadorora siku kadhaa, na siku kama hizo ruta yako haina la kufanya. Ni kama mwendokasi: basi linapita foleni ya Magomeni kwenye njia yake vizuri tu, ila Jangwani ikijaa maji na lenyewe linasimama. Ofisi zinazotegemea setilaiti ya zamani, ile iliyo juu kilomita karibu 36,000, kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 500, pale watu wajifunze kuongea kwa zamu au wahamie laini nyingine.

Siku kama hiyo punguza mzigo: zima video, peleka sauti tu, na kama una laini ya pili ya kampuni nyingine elekeza koli huko kwa ile alama ya koli uliyokwisha kuiweka. Uliza kwanza hiyo kampuni ya pili inapita mkongo gani, zikiwa zote mbili kwenye mkongo mmoja umenunua kitu kilekile mara mbili.

Ukimaliza rudia kipimo cha mwanzo

Madirisha matatu ya pingi, mtu apandishe gigabaiti yake, na wawili wawe kwenye koli. Pingi ya koneksheni ya kawaida inaweza kupanda kidogo, hiyo haina shida kama foleni ni yako, ila koli isikike na RTP Streams ionyeshe jita chini ya 30. Fanya hivyo saa nne asubuhi siku ya kazi. Na andika karatasi ubandike kwenye kabati la ruta: kifurushi kikibadilishwa, max-limit ibadilishwe siku hiyohiyo. Laini ikipanda kwenda 40 ruta ikabaki na 17M, mnalipia 23 ambazo hamna anayezitumia, na laini ikishushwa ruta ikabaki juu, foleni inarudi kwa mtoa huduma na koli zinaanza kukatika tena.